Nimezunguka bandari ya Genova kwa boti: kaa upande wa kulia, na ile lifti achana nayo

Wadau, mi kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini Dar, mwaka wa kumi na kitu huu, kwahiyo mtu akiniambia niko likizo alafu twende tukatalii bandari naona kabisa ananitania. Ni sawa na kumchukua muuza samaki wa Feri umpeleke mapumziko akaangalie samaki. Lakini dada yangu anaishi Milano na shemeji na watoto wawili, Jumamosi wakasema tunaenda Genova, treni kama saa moja na nusu hivi, watoto wanataka kuona pomboo kwenye akwariamu. Mi nikasema sawa nyie nendeni kwa pomboo, mi nipeni saa zangu tatu. Nikakata tiketi ya boti inayozungusha watu bandarini, baadaye nikaingia makumbusho ya bahari, jioni tukakutana kwenye misosi. Hii ndo ripoti yangu, na nasema kabisa mapema kwamba nimeiandika kwa jicho la mtu wa bandari, ukiwa unatafuta sehemu ya kupiga selfi tu utaona namaliza maneno bure.

Ukishuka stesheni ya Piazza Principe unateremka tu na mguu, dakika kumi hazifiki uko majini. Kuna kichochoro kinaitwa Via Prè, chembamba, nguo zimeanikwa juu, maduka ya Wasenegali, Wamoroko, Wanaijeria, simu zinatengenezwa mlangoni, yaani nilijisikia niko Kariakoo mitaa ya ndani ila huku imebanwa na majengo ya ghorofa sita. Alafu ghafla unatokea kwenye mwanga, juu yako barabara ya angani imepita inanguruma magari, iliwekwa miaka ya sitini katikati ya mji na bahari, mbaya sana kwa macho ila wenyewe wanasema ukiwa juu yake kwenye gari ndo unaona mji vizuri kuliko mahali pengine popote. Kitu cha kwanza utakachoelewa kuhusu Genova ni kwamba hawana ardhi. Mlima umeshuka hadi baharini, mji umeng'ang'ania kama mbuzi kwenye mwamba, kwahiyo bandari haikuweza kuingia ndani ikabidi itambae pembezoni, imejivuta kilomita kama ishirini kuelekea magharibi, na kila walipokosa nafasi waliifukia bahari. Hata uwanja wa ndege wameujenga juu ya maji.

Sasa boti. Kibanda cha tiketi kiko pale Porto Antico karibu na akwariamu, hukosi. Bei ni kama sahani ya mchana kwenye mgahawa wa kawaida wa kule, sio mbaya. Kampuni siitaji, lakini malalamiko yangu nayasema. Tiketi imeandikwa saa nane mchana, tumeondoka saa tisa kasoro dakika ishirini kwa sababu walikuwa wanasubiri kundi la wazee waliokuja na basi, na hakuna aliyetuambia kitu, tumekaa juani tu kama dagaa. La pili ni spika. Maelezo ni ya kurekodi, Kitaliano kwanza alafu Kiingereza, na upande wa nyuma nilikokaa spika moja ilikuwa inakoroma, na nyie mnajua ilikata kabisa wapi? Tulivyoingia sehemu ya kontena. Yaani hadithi za Columbus zote tumesikia safi, tumefika penye kazi, kimya. Na nahisi hata kwa wengine waliokaa mbele yalikuwa machache, maana pale ndo watu wote walikuwa wamegeukia simu zao. Mi ndo nilikuwa nimesimama.

Turudi mwanzo. Hapo mnapopandia ndo bandari ya zamani yenyewe, ghuba ya duara kama bakuli. Ilikuwa imekufa, magati yamebaki na kutu, hadi 1992 walipoadhimisha miaka 500 ya safari ya Columbus ndo wakamkabidhi Renzo Piano, mbunifu mzaliwa wa hapohapo, akaifungua kwa watu. Akwariamu ni ya mwaka huohuo. Maghala ya pamba ya karne ya 19 yakawa kumbi za mikutano na maduka. Kuna na kitu kama buibui mweupe kimechomoza majini kinaitwa Bigo, kimeigiza winchi za meli, kinanyanyua chumba cha kioo watu wakaone mji toka juu. Ndo hiyo lifti ninayosema achana nayo. Dakika chache unapanda unashuka, na usichokiona ni bandari ya kazi, unaona mapaa na boti za matajiri. Pesa hiyo nunua kitu cha kula.

Jengo la kuangalia pale ni lile lenye michoro ukutani linaloangalia maji, Palazzo San Giorgio. Limejengwa 1260. Limekuwa ikulu ya mji, limekuwa jela, na inasemekana Marco Polo alifungiwa humo baada ya Wagenova kuwapiga Waveneti baharini 1298, akawa anamsimulia mfungwa mwenzake safari zake, hadi habari za Zanghibar zimo, nchi ya watu weusi ambayo mwenyewe wala hakuwahi kufika, alisikia tu kwa mabaharia akatia chumvi. Baadaye likawa forodha, alafu kuanzia 1407 ikaja benki ya San Giorgio ambayo ilikuwa inawakopesha serikali na kukusanya ushuru wa bandari kama dhamana, ikafika mahali benki ina nguvu kuliko serikali, ina visiwa, ina makoloni. Na leo humo ndani kuna nani? Mamlaka ya bandari. Nilisimama nikacheka mwenyewe. Miaka zaidi ya mia saba na bado watu wanapeleka makaratasi mlango uleule. Nikawaza mawakala wenzangu wa mwaka 1450 wamepanga foleni pale na risiti zao, wanaambiwa mtandao uko chini.

Boti inatoka taratibu, inapita mbele ya Darsena. Hili neno lilinikaa kichwani hadi nikaliuliza kwa kijana wa makumbusho baadaye, akaniambia limetoka Kiarabu, dar as-sinaa, nyumba ya kazi za mikono, kule walikokuwa wanaunda meli. Si ndo hii sanaa yetu! Na yale maghala wanaita magazzini, mzizi wake ndo huohuo wa hazina. Ukiwa mtu wa pwani unatembea kwenye bandari ya Wataliano unaokota maneno ya nyumbani chini kama mtu aliyeangusha sarafu. Lakini kubwa kuliko yote nitafika, subiri.

Baada ya hapo kulia ndo stesheni ya meli za abiria, Ponte dei Mille. Kule ponte ni daraja kwa Kitaliano cha kawaida ila kwenye bandari hii ponte ni gati, usije ukatafuta daraja kama mimi. Hapo ndo walipandia Wataliano waliokuwa wanahamia Argentina, Brazili, Marekani, mamilioni, maskini kabisa na masanduku ya mbao. Siku niliyopita mimi ilikuwepo meli ya anasa ya ghorofa kama kumi na tano, nyeupe, inaficha nusu ya mlima. Lakini mi macho yalikuwa gati la pembeni, feri za kwenda Tunis na Tanger. Jamani. Magari yamepanga foleni tangu huko nje, vigari vya familia vya kawaida tu, na juu ya kila kigari kuna mlima: magodoro, baiskeli tatu, friji imelazwa, viti vya plastiki, kapeti, vyote vimefunikwa turubai la bluu na kamba zimepishana kama wavu. Gari moja tairi za nyuma zilikuwa zimezama hadi zinagusa bodi. Mama kakaa nje kwenye ndoo iliyopinduliwa anammenyea mtoto chungwa, mzee kavaa kanzu anazunguka gari anavuta kila kamba kwa kidole kama mtu anayepiga gitaa. Nilikumbuka Ubungo ya zamani wiki ya Krismasi, mabasi ya Moshi yanavyopakiwa. Mtu karudi kwao, hawezi kurudi mikono mitupu, basi. Wale wamekaa siku mbili tatu njiani hadi Moroko, na hakuna aliyekuwa na haraka.

Alafu ndo Lanterna inakuja. Hii ni mnara wa taa, alama ya mji wote, umejengwa upya kwa umbo hili 1543 baada ya ule wa mwanzo kuharibiwa na mizinga, urefu mita 77 na umesimama juu ya mwamba wa kama mita 40, na taa bado inawaka kila usiku kwa kazi, sio pambo. Mmoja wa watunzaji wake mwaka 1449 alikuwa Antonio Colombo, ndugu wa baba yake huyu Columbus wa Amerika. Ukitaka kupanda ni ngazi 172, mi sikupanda, goti langu nalijua. Sema chini yake kuna kitu kizuri zaidi kwa mtu wa bandari, maana mnara wa karne ya 16 umezungukwa kabisa na kontena. Kreni zinapita mbele yake, malori yanapita miguuni kwake, yaani kama babu aliyekataa kuhama kijiji kikajengwa kiwanda, basi kiwanda kikamzunguka.

Kuanzia hapo ndo Sampierdarena, na hapo ndo spika ilipokata, kwahiyo maelezo nawapa mimi. Magati yamechomoza kama meno ya kitana, yamejengwa enzi za Mussolini, na mmeshajua majina yake? Ponte Eritrea. Ponte Etiopia. Ponte Somalia. Ponte Libia. Kuna na Calata Mogadiscio. Yaani wakati huo walikuwa wanatafuta himaya Afrika basi wakawa wanabatiza magati kwa majina ya nchi wanazozitaka au walizozichukua, himaya ikapotea kati ya 1941 na 1943 kule na majina yakabaki hapa hadi leo, dereva wa lori anapigiwa simu anaambiwa kontena lako liko Somalia, na kumbe ni mita mia tano tu. Hakuna kibao cha kueleza, hakuna mtu kwenye boti aliyesema kitu. Mi nadhani hii peke yake ingetosha kufanya watu wainue vichwa toka kwenye simu.

Na hapohapo nikaona meli za Jolly. Watu wa Dar na Mombasa wanazijua, zile ro-ro za Messina zenye mlango mkubwa nyuma, zinabeba kontena na magari na mitambo pamoja, kampuni ni ya hapohapo Genova tangu 1921. Nilijisikia kama nimekutana na jirani ugenini, nusura nipunge mkono. Meli ileile unayoisubiri kwenye gati la kwenu, unagombana na ajenti wake kuhusu siku za demareji, yaani tozo ya kuchelewesha kontena, sasa unaiona kwao imepumzika na mlango wazi. Lakini pia jina hilo lina kidonda pale. Tarehe 7 Mei 2013 usiku, Jolly Nero ilikuwa inageuka kutoka bandarini, injini ikaleta shida, ikagonga mnara wa kuongozea meli wa gati la Molo Giano ukaanguka wote majini na waliokuwa zamu, wakafa watu tisa. Mnara wenyewe ulisimama ukingoni kabisa mwa maji. Ukiona nafasi ambayo meli inageukia, nafasi ndogo kama yadi ya ICD, zile bandari kavu za kontena, unaelewa marubani wa pale wanafanya kazi gani kila siku.

Na hiyo nafasi ndogo ndo sababu ya ujenzi mkubwa unaoendelea sasa hivi, ukuta mpya wa kuvunja mawimbi. Ule wa zamani uko karibu mno, meli za mita 400 za siku hizi haziwezi kuingia zikageuka Sampierdarena, kwahiyo wanausogeza nje baharini, kazi ilizinduliwa Mei 2023, bajeti zaidi ya euro bilioni moja, na wanajenga kwenye kina kinachofika mita 50. Mita 50 wadau, yaani unamwaga mawe ghorofa kumi na tano chini ya maji kabla hujaanza hata kuweka masanduku ya zege juu yake. Tuliona mashua za kumwaga mawe kwa mbali zinafanya kazi. Sasa hivi meli kubwa kabisa zinaenda Pra', magharibi zaidi, boti hii haifiki kule ila ukiwa na treni ya pwani unaiona dirishani, gati refu lililonyooka linaloendeshwa na PSA, kampuni ya bandari ya Singapore, tangu mwishoni mwa miaka ya tisini. Waliofuatilia mjadala wetu wa 2023 wa kupewa wageni bandari ya Dar wajue kule wameshaishi na jambo hilo zaidi ya miaka ishirini na mitano na bado wanabishana. Watu wa Pra' walikuwa na ufukwe wa kuogelea, ukafukiwa wote, wakabakiziwa mfereji wa maji tulivu wanapigia makasia, na juu mlimani bado wanalima rehani kwenye mabanda ya vioo, ile rehani ya kutengenezea pesto, mchuzi wa kijani wa tambi, majani yanakua yakiangalia kreni.

Watu huwa wanasema Gioia Tauro kule kusini inahudumia kontena nyingi kuliko Genova, ni kweli, ila kule kontena zinashushwa meli kubwa zinapakiwa meli ndogo, zinaondoka, mji wenyewe hauzioni. Genova mzigo unashuka unaingia nchini, zaidi ya kontena milioni 2 kwa mwaka kwa hesabu ya futi ishirini, unaenda viwanda vya Milano, Torino, hadi Uswisi. Ni lango, kama Dar ilivyo lango la Zambia na Kongo na Rwanda na Burundi. Na lango likiziba kila mtu analia. Daraja la barabara kuu lilipoanguka Agosti 14, 2018, wakafa watu 43, malori ya bandari yakakosa njia kuu ya kwenda magharibi usiku mmoja, wakajenga jipya ndani ya miaka miwili, Piano huyohuyo kachora.

Sasa lile neno. Wapakuzi wa Genova wanaitwa camalli. Mmoja ni camallo. Toka Kiarabu, hammal. Hamali! Nilivyosikia nilirudia mara mbili, kijana wa makumbusho akadhani namsahihisha matamshi. Mahamali wetu wa Unguja na Mombasa na mikokoteni yao, na hawa Wataliano wenye vifua kama milango, neno moja. Chama chao cha kwanza, Caravana, kina katiba ya 1340. Kilikuwa cha watu wa Bergamo tu, kule milimani kaskazini, na kazi ilirithishwa mtoto aliyezaliwa kule, basi wake za mahamali wakawa wanafunga safari wakiwa na mimba kwenda kujifungulia kijijini ili mtoto asikose kibarua. Hebu fikiria mama mja mzito anapanda milima kwa ajili ya ajira ya miaka ishirini mbele.

Chama cha leo, Compagnia Unica, kiongozi wake bado anaitwa balozi, console, na bado wanaitwa kazini kwa zamu kwenye ukumbi wao kulingana na meli zilizopo. Walikuwa na haki ya peke yao ya kugusa mzigo bandarini, mtu mwingine haruhusiwi. Ikaja kesi ambayo kila wakala wa forodha angeipenda: kampuni moja ya chuma ilileta shehena yake toka Ujerumani, meli ina winchi zake inaweza kushusha wenyewe, wakakataliwa, lazima wasubiri wenyeji, na wenyeji wako kwenye mgomo, chuma kinalala. Wakashtaki. Mahakama ya Ulaya ikatoa hukumu Desemba 10, 1991 kwamba ukiritimba ule haukubaliki, na sheria ya bandari ya 1994 ikaumaliza. Mi moyo wangu uligawanyika hapo, nakiri. Nusu yangu ni mtu wa storeji na demareji, najua kulala kwa mzigo kunauma vipi, mteja anakupigia simu saa kumi na moja alfajiri. Nusu nyingine, babu yangu mzaa baba alikuwa kuli gatini Dar, na alikuwepo kwenye mgomo wa 1947, na hadi anakufa alikuwa akisimulia siku ile anasimama.

Na hawajanyamaza hawa. Mei 2019 walikataa kupakia vifaa kwenye meli ya Saudia, Bahri Yanbu, kwa sababu ilikuwa imebeba silaha na wao hawakutaka mkono wao uwe kwenye vita ya Yemen. Ikaondoka bila ule mzigo. Na kabla ya hapo, 1945, Wajerumani walikuwa wametega mabomu bandari nzima iripuliwe, wapiganaji wa mjini wakawabana hadi jenerali wao akasaini kujisalimisha Aprili 25 jioni mbele ya mfanyakazi wa kiwandani, Remo Scappini. Jenerali kwa mfanyakazi. Magati haya tunayopita na boti yangekuwa mawe.

Haya yote boti haikunieleza, niliyapata Galata, makumbusho ya bahari hapo Darsena, yalifunguliwa 2004. Kama una pesa ya kitu kimoja tu chukua boti, kama una ya viwili ongeza hii. Chini kuna galei, meli ya makasia, ya karne ya 17 imeundwa upya kwa ukubwa wake halisi ndani ya jengo, unakaa kwenye benchi la wapiga makasia, wengi walikuwa wafungwa na watumwa, kuna pingu, unajaribu kulivuta kasia unashindwa. Ghorofa ya juu ndo iliyonimaliza. Wametengeneza vyumba vya kulala vya meli ya wahamiaji, vitanda vya mbao viwili juu kwa chini, sauti za watoto kikohozi, alafu unafika dawati la afisa wa uhamiaji wa Marekani anakuuliza maswali, unaweza kusoma, una shilingi ngapi, nani anakupokea. Nilijikuta najibu kwa adabu kama niko ubalozini. Na baada ya hapo tu, bila maneno mengi, kuna mtumbwi wa mbao uliochukuliwa Lampedusa, kisiwa cha Italia wanakofikia wahamiaji toka Afrika, wa watu waliokuja toka upande wetu wa dunia. Rangi ya bluu imebanduka. Mzee mmoja wa Kitaliano aliyekuwa ananitangulia alisimama pale, akaniangalia, akaangalia mtumbwi, akainamisha kichwa akapita. Hakuna aliyesema kitu.

Nje majini kuna nyambizi, Nazario Sauro, tiketi yake wanaiuza pamoja, unavaa kofia ngumu unaingia. Kama una tumbo kama langu fikiria mara mbili, kuna matundu ya kupita nilipita kwa dua.

Misosi: usile Porto Antico, bei za watalii. Vuka barabara ingia Sottoripa, ni baraza ndefu ya matao ya tangu karne ya 12, zamani maji yalikuwa yanafika hapohapo, ni giza kidogo, inanuka mafuta na chumvi. Wanakaanga dagaa, ngisi na vipande vya chewa wanakujazia kwenye karatasi ya koni. Na ulizia farinata, ni unga wa dengu, maji, mafuta ya zeituni na chumvi, inaokwa kwenye sinia la shaba kubwa kama tairi la lori, inakatwa moto. Dada kaonja akasema hii ni bajia iliyokosa pilipili ikalala chini. Ni kweli kabisa, na nilikula tatu.

Kwahiyo boti nawapa nyota nne, ya tano wameila wenyewe kwa kuchelewa na ile spika. Ukienda, kwenda kaa kulia maana magati yote yako kulia, kurudi hamia kushoto kabla wengine hawajashtuka. Beba koti hata kama ni Julai, upepo wa nje ya mdomo wa bandari hauna huruma. Chagua siku ya kazi kama unaweza, Jumamosi kreni nyingine zilikuwa zimelala. Watoto waliporudi toka akwariamu mkubwa akaniuliza mjomba umeona nini, nikamwonyesha picha kwenye simu, akapitisha kidole, akapitisha, akasema mjomba hizi zote ni kontena. Nikamwambia angalia vizuri, hiyo ya tatu toka chini namba yake naifahamu.